Mwaka Ambao Papa Ramazani Alitwanga Sombe

Siku ya tatu ya matanga ya Mama Mwavita, wanawake walitoa vyombo nje wapate kufagia jiko, na kinu kikatoka pia. Kilibebwa na wanawake wawili, kikawekwa juani karibu na sufuria za hitima, na mwanamke mmoja kijana ambaye simjui, mimi ninayewajua karibu wote wa mtaa huu wa Rugenge mpaka watoto wa watoto wao, akainama akachungulia ndani. Akasema, "Muangalie kinu hii! Imekulika upande moja tu. Nani alikuwa anatwanga hivi, muntu wa mukono moja?" Wenzake wakacheka, wakasema labda fundi alikichonga akiwa amelewa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na kikombe cha chai mkononi, na chai ikanimwagikia mapajani wala sikusikia moto wake. Nilikuwa sijakiona kinu kile kwa miaka karibu arobaini. Nilidhani kilishachomwa kuni.

Nikasema, "Ni Papa Ramazani." Yule kijana akageuka. "Papa Ramazani nani, koko?" akaniuliza, akiniita bibi. "Mwenye nyumba hii. Bwana wa huyu tuliyemzika." Mwiko ukabaki umesimama kwenye wali. Kwetu hapa, hata leo, mwanaume atapika mikate na kuuza, atashona magauni ya wanawake, hakuna atakayemsema. Lakini akishika mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, watu hawaulizi kama ana njaa. Wanauliza mke wake amemtilia nini kwenye mboga. Nikaona macho ya wale wanawake yanakwenda kwenye kinu, yanarudi kwangu, na kabla sijaongeza neno, Aziza, binti wa marehemu, akatokea mlangoni. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Mama Feza," aliniita, "ingia mu chumba. Kuna kitu nataka uone." Nikainuka. Nitasema alichonionyesha, lakini hakitaeleweka mpaka niseme kwanza ule mwaka.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilitoka kijijini Katogota kuja kufanya kazi za nyumbani kwa Mama Mwavita, na mengine ya kwetu si mahali pake hapa. Shule nilifika darasa la pili, nusu yake. Kusoma nimejifunza baadaye sana, nikiwa na watoto wanne, kwenye darasa la akina mama kanisani, tunashika kalamu kama tunashika nyoka. Kwa hiyo mnaposoma haya kumbukeni: mwaka ule hata jina langu likiandikwa ukutani ningelipita kama mchoro wa kuku. Majina niliyaweka kichwani. Niliweka humo kila kitu, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kuweka.

Nyumba ilikuwa na sebule ndefu yenye sakafu ya saruji nyekundu, niliyokuwa naipiga msasa kwa ganda la nazi kila Ijumaa asubuhi. Upande mmoja palikuwa na foteyi ya Papa Ramazani, kiti kipana chenye mikono ya mbao, na mbele yake, juu ya kabati, televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Siku zile televisheni za Rugenge unaweza kuzihesabu. Picha zilitoka Bujumbura, ng'ambo ya maji, na antena yetu ilifungwa juu ya mwanzi mrefu nyuma ya jiko. Upepo wa milimani ukishuka, mwanzi unazunguka, na wachezaji wanageuka mvua. Ndipo napigiwa kelele: "Feza! Geuza!" Nakimbia nje, nakumbatia mwanzi, nageuza. "Bado! Bado! Umepitisha! Hapo, hapo, usiache!" Mara nyingine nimesimama nimekumbatia mwanzi mpaka mapumziko, kama mtu aliyefungwa kwa wizi.

Papa Ramazani alikuwa mfanyabiashara wa Kalundu, bandarini. Mtu mnene, mweusi wa kung'aa, na sauti yake ilikuwa inavuka mashua tatu. Akirudi jioni nyumba inajua. Akila samaki mukeke anabakiza mfupa mweupe kama kitana. Siku moja asubuhi alitoka nyumbani akiimba, na kabla ya saa sita nikasikia mkokoteni wa mizigo unaingia uani. Nilitoka nikidhani ni mkaa. Alikuwa ni yeye, amelazwa juu ya mkokoteni, mguu mmoja unaning'inia, mdomo umevutwa upande mmoja kama nguo iliyonaswa kwenye mwiba. Jicho lilinitazama. Nilikuwa na bakuli la unga mkononi, na sijui hata leo lilikwenda wapi. Bakuli lile halikuonekana tena.

Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mguu na mkono. Alikaa hospitali wiki mbili, na siku ya kumtoa tulikwenda mimi na Mama Mwavita na mkokoteni uleule. Daktari alimwita Mama Mwavita ndani peke yake, kisha akarudi kwenye wagonjwa wengine, na sisi tukangoja kwenye baraza. Muuguzi mmoja akatoka na karatasi. Alikuwa na haraka, Mama Mwavita alikuwa ameinama akimfunga Papa shuka miguuni, basi karatasi nikapewa mimi. Niliishika. Nakumbuka ilikuwa na maandishi madogo ya kulala juu, na chini yake maandishi makubwa yaliyosimama moja moja. Nikatembea nayo hatua kama ishirini mpaka kwenye mkokoteni, nikampa mama. Yeye alisoma chuo cha Kurani na shule kidogo, alijua kusoma. Aliisoma. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko karatasi yenyewe. Kisha akaikunja mara nne, akaichomeka kiunoni kwenye kitenge, na akasema, mbele yangu na mbele ya Papa, "Imeandikwa atembee. Mukono na muguu vifanye kazi kila siku. Dokta amesema mpaka Idi atakuwa anasimama." Ilikuwa imebaki miezi saba kufika Idi.

Hayo maneno yalimwingia Papa Ramazani. Alikuwa anasali amekaa, na kwa mtu yule kusali amekaa wenzake wakiwa wamesimama msikitini ilikuwa ni kama kuvuliwa nguo. Alisema, kwa ule mdomo wake uliopinda, "Idi nitasimama safu moja na Zuberi." Papa Zuberi alikuwa rafiki yake wa bandarini, jirani wa ukuta kwa ukuta. Lakini kusema na kufanya! Tulimwinua asubuhi, anaanguka. Tunamvuta mkono, anatutukana. Wiki ya tatu akakataa kabisa. Anakaa kwenye foteyi kuanzia chai mpaka usingizi, macho yamekufa, na kitu kimoja tu kilichokuwa kinayafufua: mpira. Timu ikianza kukimbia kwenye kioo, unaona jicho la Papa linakimbia nayo. Mwili umekaa kama gunia, jicho linakimbia. Mama Mwavita alisimama mlangoni siku nyingi akiliangalia lile jicho, na mimi sikujua anafikiri nini.

Jumapili moja, katikati ya mechi, timu nyeupe inakwenda kufunga, Mama Mwavita akatembea mpaka kwenye kabati akazima. Kioo kikawa cheusi. Mimi nilikuwa nakunja nguo, nikaacha mikono hewani. Hakuna mtu aliyewahi kuzima mpira wa Papa Ramazani.

"Mwavita. Washa."

"Wale banakimbia. Weye umekaa."

"Washa, nakuambia!"

"Kanyaga."

"Nikanyage wapi, muke weye? Niko mugonjwa!"

"Hapohapo mu kiti. Muguu juu, muguu chini. Wakikimbia, unakanyaga. Mupira ukitoka inje, unapumzika. Ukiacha, nazima."

Wakabaki wanatazamana, yeye na mkono wake kwenye kitufe, Papa na povu mdomoni. Sikuwahi kuona mwanamke akimfanyia vile mumewe, tena mumewe mgonjwa. Nilisema moyoni, leo nitarudi Katogota kwa miguu. Kisha nikasikia sakafu: tap. Papa Ramazani alikuwa amenyanyua mguu wa kushoto akaushusha. Mama Mwavita akawasha. Akaniambia, "Feza, piga magoti. Ule mwingine ni wako."

Basi hivyo ndivyo nilivyotazama mpira mwaka ule: kwa mgongo. Nilipiga magoti mbele ya foteyi, televisheni nyuma yangu, nikashika ule mguu mzito wa kulia kwa mikono miwili, nikaupandisha na kuushusha kila wa kushoto ulipokanyaga. Mama Mwavita alikuwa mwamuzi wetu. "Banakimbia! Kanyaga, kanyaga! Ametoa inje. Pumzika. Kona! Kona ni mikono juu, mikono juu!" Zilikuja ngumi pia, na kila raundi Papa alitakiwa kuinua kiganja mpaka kengele. Akilalamika, mama anamwambia, "Yule anapigwa kwa uso na hajalalamika, weye unapigwa na nani?" Mara nyingine Papa alicheka, na kicheko kilitoka upande mmoja tu. Nilijifunza kuijua mechi kwa mguu wake. Mpira ukikaribia goli, paja linakaza. Wakikosa, linalegea. Na siku moja, mwezi wa pili wa mchezo huu, nilikuwa nimeushika ule mguu wa kulia, mguu wa maiti niliouosha kila asubuhi, na watu wa kwenye televisheni wakapiga kelele, na mguu ukaninyang'anya mikono. Ulijivuta wenyewe. Nilirudi nyuma nikaanguka matakoni, nikapiga ukelele kama nimeona panya. Mama Mwavita alikaa chini sakafuni, alipokuwa amesimama palepale, kama aliyekatwa miguu.

Sombe ilikuja kwa kosa langu. Kazi za nyumba zilikuwa hazingoji mpira, na mimi kwa kweli nilikuwa nimeanza kuupenda. Siku moja ambayo Papa alikuwa amekwisha kuchoka na nimepewa ruhusa ya kuiacha miguu yake, niliingiza kinu sebuleni nitwange huku natazama. Sasa mimi nikatwanga kama mechi inavyokwenda: wakishambulia natwanga haraka, kipa akidaka nasimama. Papa alikuwa hasikii filimbi. "Feza, wacha kelele!" Sikumsikia. Kinu kilikuwa karibu na kiti chake, akanyoosha mkono wa kushoto akaudaka mchi hewani, ili aninyamazishe. Akaushika. Mimi nikaachia. Akabaki nao, anautazama, macho yanarudi kwenye mpira, na winga wa timu nyeupe akachomoka, na Papa Ramazani akanyanyua mchi akauangusha kwenye kinu. Pu! Akaunyanyua tena. Pu!

Mama Mwavita alitoka jikoni na upawa unadondosha mafuta ya mawese sakafuni, sakafu yangu nyekundu. Alisimama. Mimi nilisimama. Mzee wa Kalundu, mtu mwenye mashua, anatwanga sombe. Hata yeye mwenyewe alipotambua alichokuwa anafanya, mkono uliganda. Nilidhani atautupa mchi. Mama Mwavita akaweka upawa chini, akafungua kilemba kichwani, akakipasua, akaja akauchukua ule mkono wa kulia uliolala mapajani, akaufunga kwenye mchi juu ya ule wa kushoto, kwa mafundo mawili. Akafunga dirisha. Akavuta pazia. "Sasa mikono iko mbili," akasema. "Endelea, banashambulia."

Tangu siku ile kila mechi ilikuwa na majani yake. Nilikuwa nakwenda kuchuma kisamvu mapema, kapu zima. Papa alikuwa amekaa ukingoni mwa foteyi, kinu katikati ya magoti, ameegemea kushoto kwa sababu kulia hakukuwa na nguvu, na mchi ulishuka upande uleule kila mara. Majani yalimrukia usoni, kwenye kanzu, vidole vyake vikawa vya kijani kibichi mpaka kwenye kucha, na mimi nilikuwa navisugua kwa majivu na limau kabla mgeni hajaja. Tulikula sombe na ndagala, sombe na maharage, sombe tupu na bugali, mpaka Aziza, aliyekuwa msichana wa shule, akalia mezani. Iliyobaki tuligawa. Rugenge nzima ilikula sombe ile. Mke wa Papa Zuberi, Mama Nyota, alikuwa akirudisha bakuli ananiambia, "Feza, siku hizi unatwanga kama mwanaume!" Nilikuwa nainama kama mtu aliyesifiwa, nachukua bakuli narudi ndani mbio.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja kufika Idi. Papa alikuwa anaweza kuinuka nusu, tukimshika, na kukaa tena. Hajasimama peke yake hata mara moja. Jumapili ile upepo ulishuka wakati wa kipindi cha pili, picha ikapotea, nikapigiwa kelele, nikakimbia kwenye mwanzi. Na mlango wa mbele, ambao kazi yangu ilikuwa kuufunga kwa komeo, niliuacha wazi tangu nilipotoka kupeleka sombe kwa jirani. Nimeigeuza antena, nasikia "Hapo, hapo!", narudi, namkuta Papa Zuberi amesimama katikati ya sebule na kofia mkononi. Alisikia mpira, akaingia kama alivyozoea zamani. Hakuna aliyesema hodi wala karibu. Alikuwa anamtazama rafiki yake: majani usoni, mkono umefungwa kwa kitambaa cha mwanamke kwenye mchi, kinu katikati ya magoti. Papa Ramazani alimtazama pia. Mchi ulikuwa juu, na hakujua aushushe au auache. Papa Zuberi akatoka nyumanyuma. Viatu vyake alivisahau mlangoni.

Hazikupita dakika kumi. Alirudi na wazee watatu wa msikiti, na nyuma yao wanawake wa ile barabara, wamejaa kwenye mlango. Mechi ilikuwa haijaisha. Mama Mwavita alisimama kati yao na foteyi.

"Mwavita," Papa Zuberi alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeogopa, "umemupa nini huyu muntu?"

"Sikumupa kitu."

"Ramazani! Simba ya Kalundu! Anatwanga sombe, umemufunga kamba kama mbuzi, na unasema hukumupa kitu? Mugonjwa anakaa, analala, anapumzika. Weye umemufanya mutumishi!"

"Ni dawa ya dokta. Mukono ufanye kazi. Iko kwa karatasi."

"Sawa. Leta karatasi."

Hapo nilitegemea aingie chumbani alete. Mama Mwavita, aliyekuwa hajakosa neno tangu nimjue, hakuondoka mbele ya foteyi. Wanawake mlangoni wakaanza kunong'ona, nikasikia sauti ya Mama Nyota, "Na ile sombe tulikula... Mungu wangu, ile sombe tulikula!" Mmoja akaanza kutema mate. Mzee mmoja akasema wamchukue Ramazani leo hii, akakae kwa Zuberi, alale kitandani kama mgonjwa wa watu, na yule mwanamke aitiwe ndugu zake. Nikaona Papa anainamisha kichwa. Nikaona Idi inaondoka. Miezi mitano ya magoti yangu! Sikuwaza. Nilipita mbele nikasema, "Karatasi iko. Minye niliibeba na mukono wangu, kutoka hospitali."

Papa Zuberi akanigeukia. "Weye, mutoto wa Katogota, uliisoma?"

"Niliisoma."

"Unajua kusoma?"

"Najua. Imeandikwa atembee. Imeandikwa mukono na muguu vifanye kazi kila siku. Naapa kwa Mungu."

Nilikuwa sijui kusoma, na niliapa. Nilijiambia ni uongo mdogo, uongo wa kusema nimesoma kitu ambacho ni kweli kimeandikwa. Mama Mwavita alinitazama, na mtazamo ule nimeishi nao miaka yote hii nikidhani ni wa shukrani. Midomo yake ilikuwa imekauka. Papa Zuberi alitaka kusema neno, na nyuma ya mgongo wa mama tukasikia sauti ya Papa Ramazani, nzito, imepinda.

"Zuberi. Kaa, ama toka. Ni penalti."

Wote tukageuka. Alikuwa amesimama. Hakuna aliyemshika. Mchi alikuwa ameuegemeza sakafuni kama fimbo, mkono wa kulia bado umefungwa juu yake, miguu imepanuka, majani ya sombe kwenye ndevu, na alikuwa hatutazami sisi. Alikuwa anatazama juu ya bega la Mama Mwavita, kwenye kioo, kwa sababu tulimziba. Nadhani alikuwa hajui amesimama. Kisha Papa Zuberi akakaa chini, juu ya sakafu, akafunika uso kwa kofia, mabega yanaruka. Mimi ninayekumbuka kila jina, ninayekumbuka kitambaa kilikuwa cha rangi gani na nani alikuwa hana viatu, siwezi kuwaambia ile penalti iliingia au ilikoswa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeiona.

Siku ya Idi Papa alisimama safu moja na Zuberi. Alikwenda kwa fimbo, polepole, kuanzia nyumbani, na Rugenge ilitoka barabarani kumwangalia. Aliishi miaka tisa baada ya hapo. Kutwanga aliacha baada ya ile Idi, lakini mpira hakuutazama tena amekaa. Nami mwaka uliofuata niliolewa, nikaondoka katika nyumba ile, na kila mgonjwa wa kupooza niliyemsikia katika maisha yangu, nilikwenda kuwaambia watu wake kwa kifua mbele: musimuache akae, dokta alisema, minye niliibeba karatasi.

Sasa narudi kwenye chumba cha Aziza. Kitandani palikuwa na msahafu wa Papa Ramazani, umefunguliwa kutoka kwenye kitambaa cheupe ambacho Mama Mwavita aliufungia siku mumewe alipokufa, na hakuna aliyeufungua tangu siku ile. Aziza alitaka usomwe kwenye hitima ya mama yake. Katikati ya kurasa alikuta karatasi. Ilikuwa imekunjwa mara nne. Kabla hajanipa niliijua. Juu maandishi madogo ya kulala, chini maandishi makubwa yaliyosimama moja moja. "Ya juu ni ya daktari, kwa Kifaransa," Aziza alisema. "Ya chini muuguzi aliandika kwa Kiswahili, ili watu wa nyumbani waelewe. Soma, Mama Feza. Sasa unajua kusoma."

Nilivaa miwani. Nilisoma kwa kidole kama tulivyofundishwa kanisani. MGONJWA ALALE. ASISIMAME. ASITEMBEE. ASIFANYE KAZI YOYOTE. MOYO NI DHAIFU SANA. AKIJICHOSHA ATAKUFA.

Nilisoma mara ya pili, nikitafuta neno lililobaki. Halikuwepo. Nikauona ule mguu mikononi mwangu, juu, chini, juu, chini, miezi mitano. Nikajiona nimesimama mbele ya wazee nikiapa kwa Mungu. Angeweza kufia kwenye kiganja changu, jioni yoyote, kwenye kona yoyote. Na yule mwanamke alijua. Kila "kanyaga" aliyosema alikuwa anajua, na aliposimama mlangoni kuangalia lile jicho alikuwa anachagua. Mtazamo ule aliponitazama! Haukuwa wa shukrani. Alikuwa ananiona nabeba kitu chake na sijui uzito wake. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe, nilimkasirikia maiti ya siku tatu, na palepale nikamwona ameketi sakafuni siku mguu ulipojivuta, na sikujua nifanye nini na hasira yangu.

"Mama alificha mu msahafu," Aziza alisema, analia. "Hakumwambia baba. Alimuchezea roho yake, na baba hakujua."

Nilikuwa bado nimeishika karatasi. Niliipeleka dirishani kuiona vizuri, na pembeni, upande wa kushoto, chini ya neno ATAKUFA, nikaona doa. Lilikuwa kubwa, la mviringo, limekauka likawa kahawia, lakini kwenye ukingo bado kulikuwa na ukijani. Lilikuwa na mistari myembamba ndani yake, kama mistari ya mti uliokatwa. Mama Mwavita hakutwanga hata siku moja mwaka ule, na dole gumba lake lilikuwa dogo kama la mtoto. Vidole vilivyoacha doa la namna ile nilivijua. Nilivisugua kwa majivu na limau miezi mingi.

Nikamwonyesha Aziza. Nikaweka dole gumba langu juu ya lile doa, likapotea ndani yake.

"Alijua," nikasema.

Aziza alikaa kitandani karibu na msahafu. Ni siku gani aliiona, aliitoa wapi, kama ni kabla ya ile penalti au baada, hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba mikono ilikuwa na sombe alipoisoma, na kwamba baada ya kuisoma aliikunja kama ilivyokuwa, akaiweka ndani ya msahafu wake, mahali ambapo mkewe hangeitafuta, na akamwacha aendelee kusema dokta ameamuru.

Matanga yalipokwisha Aziza alinipa kinu. Wanaume wawili walikileta kwangu kwa mkokoteni. Wajukuu zangu, Riziki na wenzake, walikuwa wamelala kwenye viti mbele ya televisheni, mechi inaendelea, na muuguzi wa magoti yangu aliniambia mwezi uliopita nisikae sana, maneno ambayo niliyaitikia nikakaa. Nikaamuru kinu kiingizwe ndani. Nikaweka majani. Riziki akageuka, "Koko, unatuharibia mupira! Kelele!" Nikamwambia anyamaze, wanashambulia. Nikatwanga upande wa kushoto, palipolika, mchi ukaingia wenyewe kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Mikono iliniuma mpaka mabegani. Mpira ulipotoka nje, nikapumzika.